Sura Unaijua, Jina Je?

Uko Likoni jioni, unasubiri feri. Mtu anakuita kwa jina lako kamili, anakukumbatia, anauliza habari za mamako. Unamjua vizuri. Mlisoma shule moja, alikuwa mlinda lango, kwao ni Mtongwe. Kila kitu kipo ila jina. Unaokolewa na "bro". Mnavuka, mnaagana, na ukishakaa ndani ya matatu, jina hilo! Limekuja lenyewe.

Lakini mwenzako akigundua umemsahau, maneno yanaanza mtaani: "Siku hizi anajiona." Sisi tunasema mara nyingi hiyo si dharau. Ndivyo ubongo ulivyo.

Mwaka 1986 wanasaikolojia wawili wa Uingereza, Vicki Bruce na Andy Young, walieleza hatua za kumtambua mtu. Kwanza ubongo unaitambua sura. Kisha unaleta habari za mwenyewe: kazi yake, mtaa wake, mlijuana wapi. Jina ndilo linalokuja mwisho. Ndiyo maana ulikumbuka Mtongwe na goli, jina likakwama.

Mwaka uliofuata, watafiti huko huko waliwaonyesha watu sura wasizozijua, kila moja na jina lake na kazi yake. Kazi zilikumbukwa kuliko majina, hata pale neno lilipokuwa ni lile lile. Chukua mfano wa hapa kwetu. Mtu akikwambia yeye ni mvuvi, papo hapo unaona nyavu, ngalawa na samaki. Akikwambia anaitwa Mvuvi, huoni kitu. Kazi ina mizizi mingi kichwani, jina linaning'inia kwa uzi mmoja.

Sasa angalia mtaani kwako, iwe Changamwe, Kisauni au Likoni. Mama mbaazi. Fundi. Konda. Mama Aisha, Baba Juma. Kumwita mtu kwa mwanawe ni heshima yetu ya Pwani, na hakuna anayesema tuiache. Ila ujue pia kwamba ubongo unapenda njia rahisi, na njia rahisi wakati mwingine inaumiza.

Vijana wa Kisauni na Likoni wanalijua hili. Watu wachache wakishika mapanga, neno "genge" linaganda kwa wote. Yule kijana anayesukuma mkokoteni Kongowea tangu alfajiri, jina lake hakuna anayelishika, lakini sifa mbaya ya mtaa wake kila mtu anayo. Askari na mwajiri washamjua kabla hawajamuuliza anaitwa nani. Ukitaka watu wakuone wewe, si lebo, basi anza kuwapa wenzako haki hiyo hiyo.

Kwa bahati nzuri, jina linafunzika. Ukitajiwa, litamke papo hapo: "Karibu, Salim." Lifungie na kitu, labda Salim mwenye kicheko cha kelele. Baadaye kidogo jiulize anaitwa nani, kabla hujalala jiulize tena, kisha kesho. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani, Landauer na Bjork, walionyesha kuwa kujikumbusha hivyo, ukirefusha muda kila mara, husaidia majina kukaa.

Na ukisahau, usijifiche nyuma ya "bro". Sema tu: "Nisamehe ndugu yangu, sura naijua, jina limenitoka. Nikumbushe." Akiwa mkubwa wako, tanguliza shikamoo. Na wewe uliyesahauliwa usinune, litaje jina lako mambo yaendelee.

Kesho asubuhi ukienda kununua mahamri, muulize mama mbaazi jina lake. Miaka yote hiyo amekulisha, na bado hulijui.