"Mshipa" na "Neva": Haja ya Kutenganisha Istilahi

Neno "mshipa" hubeba dhana nyingi: mrija wa damu, neva, hata ugonjwa wa ngiri. Katika mazungumzo muktadha huondoa utata. Katika maandishi ya tiba hautoshi. Mfano ni neva ya tano ya kichwa, iletayo hisi za uso. Nyuzi zake zikiingia katika shina la ubongo hugawanyika: nyingi za mguso huishia karibu na mahali zilipoingilia, ilhali za maumivu na joto huteremka hadi sehemu ya juu ya ugwe mgongo. Ndiyo maana mrija wa damu ukiziba upande mmoja wa sehemu ya chini ya shina hilo, hali iliyoelezwa na Adolf Wallenberg mwaka 1895, mgonjwa aweza kupoteza hisi ya maumivu usoni upande huohuo, na mwilini upande wa pili, huku mguso ukisalia. Mwanafunzi anayesoma kwamba "mshipa uliziba, mshipa ukaathirika" atatofautishaje chanzo na matokeo?

Wapo wanaoshikilia kuwa "mshipa wa fahamu" yatosha. Lakini istilahi hiyo hufupishwa upesi ikarudi kuwa "mshipa" tu. Yafaa basi "mshipa" libakie la damu, na "neva" lishike nafasi yake. Utohozi huu si udhaifu wa lugha, bali ni sharti la usahihi.