Nani Ameketi Kiti cha Hakimu?

Katika mambo yanayowagawanya watu hata wa nyumba moja, hili la kutoa mimba ni la mbele. Kanisa Katoliki lafundisha kwamba uhai ni amana ya Mungu tangu siku unapotungwa, na hakuna binadamu mwenye idhini ya kuukata. Mafakihi wa Kiislamu hukubaliana kwamba baada ya siku 120 mimba haiguswi ila kwa kuokoa roho ya mama, bali juu ya siku zilizotangulia wamekhitalifiana. Na wako wasemao kwamba mchukuzi wa mimba ndiye mwenye shauri, si jirani wala serikali.

Sheria ya Tanzania Bara imekwisha kuchagua upande. Kanuni ya Adhabu, iliyoandikwa zamani za Waingereza, humtisha amtoaye mwenziwe mimba kwa kifungo cha miaka 14, na mwanamke mwenyewe kwa miaka 7. Muuza dawa naye ana miaka yake 3. Kifungu cha 230 humkinga mganga apasuaye kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Mwaka 2007 nchi yetu iliridhia Itifaki ya Maputo, ambayo hutaja pia mimba ya kubakwa na ya maharimu, lakini Kanuni ya Adhabu haikuguswa.

Hatutaki kukata shauri lililowashinda maulamaa na maaskofu. Lakini ndugu wasomaji, someni tena vifungu hivyo. Mwanamke yumo, mganga yumo, muuza dawa yumo. Yule aliyeitia mimba kisha akaikana, hayumo.

Tena yafaa tuwaulize wote wawili, apendaye neno “hiari” na apendaye neno “hukumu”, habari za msichana wa shule. Kwa miaka mingi aliyepata mimba alifukuzwa, na mwaka 2017 Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba harudi. Mlango ulifunguliwa Novemba 2021. Binti wa miaka 16 aliyeona mbele yake kufukuzwa shule na nyuma yake bakora ya baba, akaenda kichochoroni usiku kunywa asichokijua, je, huyo alichagua? Na sisi tuliomfukuza, tulikuwa tukiilinda mimba ile? Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2013 peke yake mimba zipatazo 405,000 zilitolewa Tanzania, nyingi mno kwa siri. Miaka 14 ya kifungo haikuzizuia.

Wafanyakazi wanalo fungu lao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humkataza mwajiri kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya mimba, na humpa mama likizo ya siku 84 yenye malipo. Ni sheria njema. Lakini mtumishi wa nyumbani akionekana tumbo, hufungiwa furushi lake asubuhi ile ile, na mara nyingine bwana mwenye nyumba anajua vizuri mimba ilitoka wapi. Bibi huyo huyo anayemfukuza atakuwa wa kwanza kumwita muuaji akisikia mimba haipo.

Sisi twaona kwamba anayetaka mimba itunzwe hana budi kumtunza anayeichukua, na anayedai hiari hana budi kupigania mshahara na kazi ya mwanamke, maana hiari ya mtu mwenye njaa ni ndogo. Katika hayo mawili hatuoni kwa nini padri na mtetezi wa wanawake wasiketi meza moja.

Wakati huo huo, wauguzi wetu wamtibu kwanza mwanamke aletwaye akivuja damu, maswali yangoje. Na matawi ya vyama vya wafanyakazi yaingie majumbani, yaandikishe watumishi, na mwajiri wa kwanza atakayemfukuza mwenye mimba afikishwe mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.