Barafu kwa Ua la Peoni

Kuna shauri moja lipitalo mdomo kwa mdomo miongoni mwa wapenda bustani wa nchi za joto, nalo ni hili: ukitaka ua la peoni lichanue nyumbani kwako, nunua barafu, uimwage juu ya mizizi yake kila jioni wakati wa kipupwe, nao mmea utadhani umo katika majira ya baridi ya Ulaya. Mimi nasema shauri hili ni la uongo. Tena nasema kuwa mtu auzaye mizizi ya peoni katika mji wa pwani, akanyamaza kimya juu ya tabia ya mmea huo, hana tofauti na mtu auzaye ngalawa kwa mchunga ngamia wa jangwani.

Kwanza nilitendee ua lenyewe haki yake. Peoni ni ua zuri ajabu. Hupata ukubwa wa bakuli la uji, na majani ya ua lake hupangana tabaka juu ya tabaka, meupe, mekundu au ya rangi ya waridi. Wachina wamelienzi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na mji wao wa Luoyang unasifika kwa peoni za miti mpaka leo. Wana hadithi kuwa Malkia Wu Zetian, aliyetawala tangu mwaka 690 hadi 705, aliyaamuru maua yote ya bustani yake yachanue katikati ya baridi kali. Maua mengine yalitii kwa hofu. Peoni ikakataa, na kwa hasira malkia akaifukuza katika mji mkuu, ikapelekwa Luoyang. Hadithi ni hadithi, lakini waliyoitunga waliijua tabia ya ua lao. Ikiwa peoni haikumtii malkia mwenye majeshi, je, itamtii mtu mwenye ndoo ya barafu?

Sababu ya ukaidi huo si fumbo. Peoni ya kawaida hunyauka juu ya ardhi kila mwaka, ikabaki chini mizizi minene mithili ya mihogo midogo. Penye vichwa vya mizizi hiyo pana macho, na ndani ya macho ndimo yanamolala mabua na matumba ya mwaka ujao. Macho haya hayaamshwi na joto peke yake. Hutaka kwanza yapitiwe na baridi kwa wiki nyingi, aghalabu sita au zaidi, baridi ya nyuzi 4 hivi za Sentigredi, ndipo joto lifuatalo liyaamshe. Bila baridi hiyo mmea hutoa majani machache yaliyodhoofika, wala hautoi ua.

Sasa na tufanye hesabu, kwa maana wanafunzi hawaogopi hesabu. Wiki sita ni siku 42, na siku 42 ni saa 1,008. Ndoo ya barafu ikimwagwa juu ya udongo wa Mombasa huyeyuka upesi; tuseme, kwa ukarimu, inakaa saa mbili. Mwenye bidii asiyekosa hata siku moja atakuwa ameupa mmea wake saa 84 za ubaridi. Saa 924 zilizobaki mizizi imekaa katika joto lake la siku zote, kwani hata usiku wa mwezi wa Julai joto la Mombasa huwa karibu nyuzi 20. Nairobi, iliyo juu mlimani, hushuka mpaka karibu nyuzi 11 katika usiku wa mwezi huo, na hata hapo bado ni mbali. Isitoshe, barafu ikiyeyuka ni maji, na mizizi ya peoni huchukia maji yanayotuama. Basi mtu anayedhani anaupoza mmea wake, kwa kweli anauozesha.

Nayajua haya kwa sababu niliyatenda. Nilinunua mizizi mitatu kwa bei ambayo sitaitaja, maana mke wangu atasoma maneno haya. Pakiti ilikuwa na picha iliyonivutia, na nyuma yake palikuwa na maelezo ya mbolea na ya jua. Juu ya baridi hapakuwa na neno hata moja. Mwaka wa kwanza mizizi ilitoa majani, na mmoja ukatoa tumba dogo kama gololi, likakauka kabla ya kufunguka. Mwaka wa pili nikasikia habari ya barafu. Kila jioni nilikuwa nikitoka na sufuria ya barafu, na shangazi yangu akiniangalia barazani. Siku moja hakuweza kujizuia. Akaniuliza, “Mwanangu, huyo ni mgonjwa wa homa gani unayemkanda kila magharibi, naye haponi?” Nilicheka, lakini sikuwa na jawabu. Mtaani petu maji huletwa kwa mikokoteni, na kila debe lina bei yake. Nami nilikuwa nikiyagandisha kwa umeme wa kulipia ili nikaoze mizizi. Ilipofika masika ya mwaka wa tatu, nilifukua nikakuta uji mweusi unaonuka.

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa kuwa Georgia na Carolina, huko kusini mwa Marekani, ni nchi za joto, na watu wa huko wana peoni majumbani mwao. Ni kweli, na nafurahi kuwa hoja hii imeletwa, kwa sababu inanisaidia mimi. Majira ya joto ya Georgia ni makali, lakini majira ya baridi huko yana usiku wa kuganda maji. Wakulima wa huko hawamwagi barafu. Huzika mizizi kina cha inchi moja tu, ili macho yaonje baridi yote iliyopo. Huchagua aina zinazochanua mapema kabla ya joto kuwa kali, kama Festiva Maxima iliyotolewa Ufaransa mwaka 1851. Tena huutafutia mmea kivuli cha alasiri. Wanatumia vema baridi kidogo waliyo nayo. Sisi wa pwani hatuna hata hiyo kidogo. Wako pia walio na chumba cha baridi, wakaulaza humo mmea ulio chunguni kwa wiki nyingi kila mwaka. Hao siwalaumu, wameujengea mmea nchi yake, na gharama wanaijua.

Wala asidhani mtu kuwa nalichukia ua kwa ugeni wake. Asumini tunayoisuka vikuba, na mlangilangi unaonukia uani, asili yao ni Asia. Jakaranda zinazoipamba Nairobi zilitoka Amerika ya Kusini. Mimea hii ilikaribishwa ikakaa, kwa kuwa ilikuta hapa kile inachokitaka.

Kinachoniudhi zaidi ni jambo jingine. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alipeleka kwao, kutoka milima ya Usambara, kimea kidogo chenye maua ya zambarau. Leo kimea hicho kimejaa madirishani mwa Ulaya na Marekani, ndani ya nyumba zinazopashwa moto kwa ajili ya watu, nacho kikafaidi. Jamaa yake mmoja huota porini katika msitu wa Mbololo, kwenye milima ya Taita, na yumo katika hatari ya kutoweka. Nimewauliza wanafunzi wengi wa pwani kama wamepata kumwona. Wengi wao hawajapata hata kulisikia jina lake, lakini picha ya peoni wanaitambua mara moja.

Chungu changu kingali pale pale penye ngazi. Shangazi alikimwaga ule uji mweusi, akakisugua kwa majivu, akapanda mrehani. Umeshafika kiunoni mwangu, na hajaniomba barafu hata siku moja.