Dawa ya Ebola Iwekwe Karibu na Mgonjwa

Ebola ilipoushambulia mji wa Kikwit, Kongo, mwaka 1995, mmoja wa walionusurika alibaki na kingamwili za kirusi hicho katika damu yake kwa zaidi ya miaka kumi. Kutokana na damu hiyo watafiti, akiwamo Profesa Jean-Jacques Muyembe, walipata mAb114, dawa inayouzwa leo kwa jina la Ebanga. Mgonjwa hutiwa dripu mara moja tu, na kingamwili hukishika kirusi kisipenye kwenye chembe za mwili. Ebanga na mwenzake, Inmazeb, zilijaribiwa Kivu ya Kaskazini, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, mwaka 2018 na 2019, vita vikiendelea. Waliozipata walikufa takriban 35 katika kila 100, ilhali kati ya waliopewa ZMapp, dawa nyingine katika jaribio hilo, walikufa karibu nusu. Kwa wagonjwa ambao virusi havijazagaa mno mwilini, vifo vilishuka hadi kama 10 au 11 katika 100.

Tofauti hiyo ndiyo inayonifanya niseme kwamba mahali dawa inapohifadhiwa ni sehemu ya tiba yenyewe. Majaribio yaleyale yalionyesha kuwa kila siku ya dalili iliyopita kabla ya matibabu ilimsogeza mgonjwa karibu na kifo. Dawa inayosubiri ndege na saini za nchi za mbali humfikia mgonjwa akiwa amekwisha kudhoofika. Kwa hiyo Kongo inastahili akiba yake yenyewe, mikoani, chini ya mamlaka yake.

Wapo wanaosema dawa zitaisha muda zikiwa kabatini. Hasara hiyo ipo, lakini tangu 2018 Ebola imerudi Équateur, Kivu ya Kaskazini na Kasai. Si mgeni wa nadra. Wengine hutegemea chanjo, ambayo ni kinga nzuri sana, ila haimponyi aliyekwisha kuugua. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kingamwili hizi hulenga kirusi cha Ebola aina ya Zaire pekee. Uganda iliposhambuliwa na kirusi cha aina ya Sudan mwaka 2022, hazikuwa na msaada. Ni kweli, na mimi naliona hilo kuwa sababu ya kudai zaidi, kwa kuwa dawa za aina nyingine nazo zitahitaji manusura na majaribio: nchi inayotoa damu ya manusura wake na kuwakubali watafiti vituoni mwake iandikiwe fungu lake la dawa kwenye mkataba, kabla mgonjwa wa kwanza hajaandikishwa kwenye majaribio.