Anaponawa Tena na Tena

Akina mama wapendwa, mtoto ananawa mikono mpaka ngozi inachubuka, na bado anauliza, "Mama, imetakata?" Huo si ukaidi wala pepo. Ni maradhi ya mawazo na matendo ya kujirudia, nayo yanatibika.

Kila tukimjibu "Ndiyo, imetakata," anatulia kidogo, kisha hofu inarudi na nguvu zaidi. Tusimpige wala kumcheka. Tumwambie kwa upole, "Anayeuliza ni hofu, si wewe. Tukae pamoja mpaka ipungue." Hofu isipotiiwa hupanda, halafu hushuka yenyewe.

Tupunguze majibu hayo kidogo kidogo, tukiongozwa na mtaalamu wa afya ya akili, na baba naye afanye vivyo hivyo. Tumwombee, lakini tusichelewe kumpeleka hospitali.