TAHARIRI: MITA 60 ZA CHEMCHEMI YETU



Kiangazi kilichopita bomba la pale dukani lilikauka mara mbili, na mara zote mbili tulisikia neno lile lile: "Serikali ituletee maji!" Sawa, serikali ina wajibu wake. Mwaka 1971 ilianzisha mpango wa miaka 20, ili ifikapo 1991 kila kaya ya kijijini iwe na maji safi ndani ya mita 400. Mwaka 1991 ulipita, na kina mama bado wanaijua njia ya bondeni kwa nyayo zao. Tangu 2019 ipo RUWASA, na vyombo vya watumia maji vimewekwa kisheria. Lakini hata mhandisi akija kesho na mabomba mapya, atayaunga wapi? Si kwenye chemchemi ile ile? Chemchemi ikifa, bomba ni chuma tu.

Tuseme wazi kinachoiua. Kwanza mikaratusi. Mti huu hukua upesi, unatufaa kwa kuni na nguzo, hatuukatai. Ila hunywa maji mengi mno, na mahali pake si kwenye chanzo. Wazee waliacha mikuyu na mivumo pale, na hawakuwa wajinga. Pili, kabichi na karoti zimelimwa mpaka ukingoni. Siku ya kupiga dawa mtu anasuuza bomba lake la dawa pale pale atakapochota mtoto wa jirani asubuhi. Tatu, pampu ya petroli inayonyonya usiku watu wamelala. Huko juu nako mashamba yameachwa wazi bila matuta wala majani. Mvua ikipiga haizami ardhini, inateremka nyekundu kwenda zake Mkomazi, na Januari tunauliza maji yamekwenda wapi. Wanaofanya hayo si wageni. Ni wanachama wenzetu, na baadhi yao hukaa mstari wa mbele mkutanoni.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Wapo wanaosema basi aitwe mgambo, afyeke kabichi, yaishe. Sisi hatukubali. Miaka ya 1940 na 1950 mkoloni aliwalazimisha Wasambaa wa Mlalo na kwingineko kuchimba matuta kwa amri na faini. Watu walikataa, na mpango ukafa. Matuta yenyewe hayakuwa na kosa. Miaka ya 1980 mradi wa SECAP ulipokuja kuzungumza na wakulima, wengi waliotesha majani ya ng'ombe kwenye kingo za mashamba kwa hiari yao.

Kwa hiyo pendekezo letu ni hili. Mwenye kijaruba ndani ya mita 60 asifukuzwe mikono mitupu. Apewe nafasi ya kwanza kwenye shamba la ushirika la kule barabarani, na mbegu ya viazi ya msimu mmoja kwa mkopo kutoka ghalani. Itatugharimu, ndiyo. Watakaonung'unika wakumbuke bei ya ndoo ya maji siku ile bomba lilipokauka.

Jambo la pili ni akiba. Tusitegemee chanzo kimoja. Wenzetu wa visiwani wamelijua hili kwa shida. Unguja maji ya kisima ni mvua iliyojikusanya ndani ya mawe, na karibu na pwani ukiyavuta kupita kiasi chumvi ya bahari inaingia. Kule Tuvalu, visiwa vya Bahari ya Pasifiki vinavyokunywa maji ya paa, mvua iligoma mwaka 2011 hata wakatangaza hali ya hatari. Wao wana paa bila chemchemi. Sisi tuna chemchemi, na paa la ghala linamwaga maji yote mtaroni!

Tupige hesabu. Paa lile ni mita 20 kwa 8, yaani mita za mraba 160. Milimita 1 ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita 1. Masika yakitupa milimita 100 tu, hizo ni lita 16,000; toa sehemu ya tano inayopotea, zinabaki 12,800, sawa na ndoo 640. Kaya 40 zikichota ndoo mbili mbili kwa siku, ni siku 8. Kidogo? Kidogo, na ndiyo maana chemchemi inatangulia. Lakini siku 8 zinatosha kutengeneza bomba lililopasuka bila watoto kunywa maji ya mfereji. Mvua ya kwanza imwagwe, ioshe paa, na maji ya kunywa yachemshwe.

Mkutano ni Jumatano baada ya kazi. Wenye vijaruba waje, waseme wao kwanza. Tukikubaliana, msaragambo ni Jumamosi asubuhi: majembe, mapanga, na miche ya mikuyu kwa aliye nayo. Kamba ya kupimia ipo kwa mtunza ghala, ina mafundo kila mita 10.