Kulinda Rangi ya Gari kwa Dawa ya Kupuliza

Hapa Bujumbura miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, vumbi la barabara zisizo na lami halibanduki katika bodi ya gari. Wengi hushika kitambaa kikavu wakalipangusa kila asubuhi, kumbe chembe za mchanga zilizo chini ya kitambaa hukwaruza vanishi angavu iliyofunika rangi. Vanishi hiyo ni nyembamba mno, nayo ikiisha hairudi ila kwa kupaka rangi upya, gharama isiyomudiwa kwa mshahara wa wengi wetu.

Dawa ya kupuliza, itengenezwayo kwa silika au polima, huacha juu ya vanishi utando laini usioshika uchafu kwa urahisi. Hudumu majuma kadhaa, pengine miezi michache. Haiondoi mikwaruzo, auzaye kwa ahadi hiyo asisikilizwe.

Sehemu kubwa ya kazi hutangulia kupuliza. Gari lioshwe kwa maji mengi na sabuni ya magari, kuanzia paani kushuka chini, magurudumu yakiwa na sifongo yake. Kisha lisogezwe kivulini, na boneti iguswe kwa kiganja. Ikiwa bado ya moto, hapana budi kungoja, kwani dawa ikaukiapo juu ya bati la moto huacha michirizi iliyo taabu kuiondoa.

Soma maelezo ya chupa, maana zipo aina mbili. Moja hupulizwa juu ya gari lililolowa, ikasuuzwa mara moja kwa mpira wa maji wenye nguvu. Mwenye ndoo tu asiinunue. Ya pili, niipendeleayo mimi, hupakwa juu ya bodi kavu. Tikisa chupa, puliza mara mbili au tatu katika kitambaa cha maikrofaiba, paka mlango mmoja tu, kisha pangusa papo hapo kwa kitambaa cha pili kilicho kikavu mpaka ukungu utoweke. Ndipo uendelee na mlango wa pili. Kuzidisha dawa hakuzidishi ulinzi; humaliza chupa tu. Kitambaa kilichoanguka chini kisirudi kwenye rangi kabla ya kufuliwa.

Jambo moja halina mzaha: dawa hii ni telezi, nayo isifike kamwe kwenye diski za breki, pedali wala usukani. Ndiyo sababu nasisitiza ipulizwe kitambaani, hasa alasiri upepo wa ziwani unapovuma.

Usiku huo gari lisinyeshewe. Siku maji yatakapoacha kufanya matone juu ya boneti, yakatandaa, wakati wa kurudia umewadia.